Kusoma Viwili Viwili

Msimu wa kaskazi uliopita nilijiwekea sharti moja: riwaya isisomwe peke yake. Kila kitabu cha kubuni nilichokifungua nilikitafutia mwenzake wa mambo yaliyotukia kweli, wa zama zilezile au wa mahali palepale, nikavisoma kwa zamu, sura moja huku, sura moja kule. Nilikuwa na sababu. Rafiki yangu mmoja, mhasibu, ameniambia mara nyingi kwamba aliacha riwaya siku alipomaliza mtihani wa kidato cha nne, kwa kuwa maisha ni mafupi na hana muda wa kusoma uongo wa mtu mwingine. Hayuko peke yake. Ingia katika maduka yetu ya vitabu hapa Dar es Salaam: meza ya mbele imebeba vitabu vya kumfundisha mtu kuwa tajiri, na riwaya za Kiswahili zimesukumwa nyuma, karibu na vitabu vya kiada, zikimngoja mwanafunzi aliyeagizwa na mwalimu wake. Tumezoea kuamini kwamba kitabu cha kweli humpa mtu maarifa na riwaya humpa usingizi.

Kaskazi ni wakati mzuri wa kulipima jambo kama hilo. Joto la Januari halimruhusu mtu kufanya kazi nzito mchana, umeme una tabia zake, na jioni hakuna anayetaka kukaa ndani. Mtu husoma barazani mpaka mbu wamfukuze.

Nilianza na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip. Alifia Unguja mwaka 1905. Miaka michache kabla ya hapo aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, baada ya kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, naye Brode akayahamishia katika herufi za Kirumi na kuyachapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 W. H. Whiteley aliyatoa tena huku kwetu, safari hii pamoja na Kiingereza. Nakala yangu ni ya kudurufu, maneno yamefifia ukingoni, na aliyeibana kurasa zake aligeuza baadhi yake juu chini.

Ni kitabu kitamu, na sina namna ya kulikwepa hilo. Mtu aliyekamata watu, akawauza, akawamiliki, anasimulia vizuri kuliko wengi wetu tuliopelekwa shule kujifunza insha. Sentensi zake ni fupi. Hana muda wa kueleza milima wala machweo. Anafika mahali, anauliza habari za pembe, anagombana, anapigana, anaondoka. Anaanza akiwa mvulana wa miaka 12 anayetumwa safari za karibu kununua sandarusi, na kabla hujakaa sawa amekwisha fika Tabora na baba yake, amevuka mpaka nchi za Kongo, amekutana na Livingstone, amemsindikiza Stanley. Pesa ya safari inatoka kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, na kila kitu kinarudi kuwa hesabu: frasila za pembe, bunduki, siku za njia, watu waliobaki. Nyumba yake ipo Shangani mpaka leo, na watalii hupiga picha mlango.

Ndani ya kitabu hicho cha kweli umo uongo mmoja mkubwa, na mwandishi mwenyewe haufichi. Huko Utetela alikuwapo mtawala mzee, Kasongo Rushie. Njiani Tippu Tip alikuwa amekisikia kisa cha wanawake wa ukoo huo waliotekwa zamani wakapelekwa mbali. Akakihifadhi. Alipofika kwa mzee akajitambulisha kuwa ni mjukuu wa mmoja wa wanawake hao, yaani damu yake iliyopotea imerudi nyumbani. Mzee akaamini, akamwachia utawala, na pamoja na utawala zikaja pembe. Tippu Tip anasimulia haya kwa sauti ileile anayosimulia mauzo mazuri. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mhasibu wangu anayeogopa uongo wa riwaya. Nchi nzima ilichukuliwa kwa hadithi iliyotungwa vizuri, na ushahidi wake umo katika kitabu cha kweli, kimeandikwa na mtungaji.

Lakini kilichonishughulisha zaidi ni watu wanaopita kimya humo. Msafara wa pembe ni wapagazi. Bila vichwa vya watu na mabega ya watu pembe haifiki pwani. Katika kitabu hiki wapagazi hutajwa wanapohitajika, wanapotoroka na wanapopungua. Kipo kisa kimoja cha Wazaramo waliochukuliwa kubeba mizigo, wakamtoroka njiani. Aliwarudia vijijini kwao, akawakamata, wao na ndugu zao, akawafunga, safari ikaendelea. Kwa tendo hilo, anasema, akapewa jina la Kingugwa, mnyama asiyechagua wa kumshika. Jina amelipenda. Kisa kinachukua mistari michache, kisha tuko kwingine, tunauliza habari za pembe. Tippu Tip anajua kila kitu kuhusu msafara isipokuwa uzito wa mzigo.

Mwenzake niliyempa ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Riwaya ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na baada ya mwandishi kupata Nobel mwaka 2021 Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili, Mkuki na Nyota wakaichapisha mwaka 2022. Ninasema imetafsiriwa, lakini ukiisoma barazani pamoja na Tippu Tip unapata shaka kama haikuwa imerudi tu kwao. Wachambuzi wameonyesha kwamba Gurnah aliziegemea simulizi za wasafiri wa Kiswahili alizozikusanya Carl Velten na kuzichapisha mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli, na mtu akivisoma vitabu hivyo pamoja anaona jinsi msafara wa riwaya unavyokanyaga njia zilezile, kwa hongo zilezile kwa watawala walewale wasiokinai. Kwa maneno mengine, riwaya hii imesoma vitabu vya kweli kabla yangu, na imevisoma kwa makini.

Yusuf ana miaka 12 anapoanza, umri uleule wa Tippu Tip na sandarusi zake. Sikuweza kulisahau hilo. Mmoja alianza safari akiwa mtoto wa mfanyabiashara; mwingine anaanza akiwa rehani. Baba yake anadaiwa, na mdai ni Aziz, tajiri wa pwani ambaye mtoto amezoea kumwita ami na kupewa naye sarafu kila anapopita. Siku moja ami anaondoka naye. Hakuna anayemweleza kitu. Anafika pwani, anawekwa dukani pamoja na Khalil, ambaye naye ni deni la mtu mwingine, na ni Khalil anayemfahamisha kwamba yule si ami yake.

Kisha unakuja msafara, na kila kilichokosekana kwa Tippu Tip kimo. Kuna vidonda na kuhara. Kuna mbu, hofu ya usiku, na mnyapara Mohammed Abdalla ambaye fimbo yake inajua mgongo wa kila mtu. Kuna fedheha ya matajiri kusimama mbele ya mtawala wa bara na kuambiwa kwamba bidhaa zao si zao tena. Gurnah hakuwafanya watu wa pwani kuwa wema kuliko walivyokuwa. Aziz ni mpole, mwenye manukato, asiyepandisha sauti, na ni mla watu. Upole wake ndio uliniogofya. Tippu Tip huchekesha. Aziz hachekeshi kamwe, na nadhani ndiye mkweli zaidi, kwa maana anaonekana na mtu anayemmiliki.

Wapo waliokasirika na mwisho wa riwaya, pale Yusuf anapokimbilia safu ya askari wa Kijerumani. Nimewasikia katika mazungumzo ya vitabu wakiuliza mwandishi amekusudia nini kumpeleka kijana mzuri kwa mkoloni. Mimi nadhani kijana amepiga hesabu, hesabu ambayo Tippu Tip angeielewa. Amekwisha ona bara, amekwisha ona pwani, na kote alikuta watu wanaomilikiwa. Bustani nzuri ya Aziz ina ukuta, na ndani ya ukuta yumo Amina, aliyelipwa kama deni naye pia, akaolewa na mdai. Gurnah amempa Amina kurasa chache za kusema, na akisema unatamani riwaya nzima ingekuwa yake. Nilifunga kitabu nikiwa nimewapata wapagazi na kumkosa Amina. Naona hivyo ndivyo vitabu vilivyo: kila kimoja kina mtu aliyekaa kimya ndani yake, na ukitaka kumsikia huna budi kwenda kumtafuta katika kitabu kingine.

Kwa Shaaban Robert kazi ilikuwa rahisi kwa sababu yeye mwenyewe aliandika vyote viwili. Nilisoma Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini pamoja na Kusadikika, na nilikuwa naona karani mmoja akihama chumba. Aliingia kazi ya serikali katika idara ya forodha mwaka 1926, akahamishwa huku na huku, akafanya kazi mpaka karibu na mwisho wa maisha yake. Katika Maisha Yangu anaeleza kifo cha mkewe Amina, malezi ya watoto, tenzi mbili alizowaandikia, mmoja wa binti na mmoja wa mwana, mashaka ya uhamisho, furaha ya kutunga. Mwajiri wake, serikali iliyotawala nchi nzima, anaonekana kwa mbali kama mtu ambaye hatuulizi habari zake mbele ya wageni.

Halafu unafungua Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, na mwajiri amejaa ukurasa mzima. Nchi inaelea angani, haipo kwenye ramani, kwa hiyo hakuna wa kulalamika kwamba ametajwa. Karama amefikishwa barazani kwa kosa la kutaka kufundisha watu sheria. Mashtaka yanasomwa na Majivuno. Mshtakiwa anajitetea kwa kusimulia wajumbe waliotumwa pande zote kutafuta maarifa, kila mmoja akarudi na jambo jema, kila mmoja akatupwa gerezani. Karani aliyepokea mshahara wa serikali ya Tanganyika asingeweza kuandika makala ya kurasa kumi juu ya mahakama zisizosikiliza. Aliandika riwaya, serikali ikaiona ni ngano ya maadili, na shule zikaipokea.

Nitasema jambo ambalo mashabiki wa Shaaban hawatalipenda: Kusadikika hunichosha. Hotuba ni ndefu, watu wake ni majina ya tabia, na mtu hawezi kujua Karama anapenda chakula gani. Naiheshimu, na naisoma kwa subira. Maisha Yangu naisoma kwa mapenzi, hasa zile sehemu ambazo mwandishi amesahau kufundisha. Na kitabu chake ninachokipenda kuliko vyote ni cha kweli: Wasifu wa Siti binti Saad. Alimwendea mwimbaji huyo Unguja kabla hajafariki mwaka 1950, akamsikiliza. Mwanamke aliyezaliwa Fumba, katika familia duni, akauza vyungu mitaani, akaingia mjini, na mwaka 1928 akasafirishwa Bombay kurekodiwa santuri. Waliomdharau walimtungia maneno juu ya asili yake na sura yake. Shaaban anaandika juu yake kwa heshima ambayo wakati ule wanaume wachache wangempa mwanamke mwimbaji.

Hapo kanuni niliyokuwa nimeanza kujijengea, kwamba kitabu cha kweli ni cha wenye kalamu na riwaya ndiyo huwapa nafasi wasio na kalamu, ilianza kulegea, maana huyu ni mtu wa chini aliyepewa nafasi na kitabu cha kweli. Mwenzake wa kubuni sikumtafutia. Nilisikiliza santuri. Siti aliimba kesi. Wimbo wake wa Kijiti ulitokana na mauaji ya kweli ya mwanamke mgeni hapo Unguja; mwuaji alitorokea bara, na walioadhibiwa ni mashahidi. Mahakama ilikuwa na majalada yake, lakini mji ulijifunza kesi hiyo kwa Siti, na mpaka leo wako watu wasiojua jina la hakimu yeyote wa Unguja wa miaka hiyo ambao wanalijua jina la Kijiti.

Adam Shafi nilimpitia haraka zaidi. Kuli, iliyotoka mwaka 1979, inahusu mgomo wa makuli wa Unguja wa Agosti 1948, uliogeuka kuwa mgomo wa mji mzima Septemba. Haukuzuka peke yake: Mombasa waligoma Januari 1947, Dar es Salaam Septemba mwaka huohuo, na habari husafiri kwa meli pamoja na magunia. Nilipoisoma riwaya karibu na kitabu kidogo cha mwanahistoria Anthony Clayton cha mwaka 1976 juu ya mgomo huohuo, nilishangaa kujikuta upande wa mwanahistoria. Clayton ni mkavu, lakini katika ukavu wake watu wana hofu na tamaa, wanakubaliana na kuvunjiana. Katika Kuli, Rashidi anajifunza somo kwa Faraji, na akishalijua halisahau tena. Wema ni wema toka mwanzo. Kazi ya gatini, mgongo unaopinda chini ya gunia, hapo Shafi hana mpinzani. Lakini mgomo wenyewe umenyooshwa mno.

Haini, nayo ya Shafi, ni kitu kingine. Mzee Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, watu wakakamatwa kwa wingi, ikafuata kesi ya uhaini. Riwaya ilitoka mwaka 2003, miaka 31 baadaye, majina yamebadilishwa, na hakuna Mzanzibari wa umri fulani anayehitaji kuelezwa ni nani ni nani. Hiki nilikisoma peke yake, nikavunja sharti langu, kwa sababu sikutaka kukiacha kwenda kusoma kingine. Ukurasa baada ya ukurasa ni chumba kimoja cha gereza, na mtu anayesikiliza hatua zinazokuja.

Upande wa wakubwa nilisoma Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, ya Ali Hassan Mwinyi, iliyozinduliwa mwaka 2021 siku alipotimiza miaka 96. Namshukuru kwa jambo moja kubwa: aliiandikia nchi yake kwa Kiswahili, wakati Benjamin Mkapa, miaka miwili kabla, alitoa yake kwa Kiingereza. Mwinyi aliwahi kujiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani katika miaka ya 1970 kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola Mwanza na Shinyanga, ingawa hakuna aliyesema kwamba ni yeye aliyewagusa. Ni tendo adimu katika siasa zetu, na linastahili kukumbukwa. Lakini mzee anayeandika maisha yake huandika akijua kwamba wajukuu watasoma. Waliokufa Shinyanga nao walikuwa na wajukuu. Riwaya yao bado haijaandikwa.

Jozi iliyonikalisha zaidi ni insha ya Nyerere, Ujamaa Vijijini, na riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Gamba la Nyoka. Insha ilitoka Septemba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha. Mwalimu alikuwa mwandishi hodari. Nchi chache zimetawaliwa na mtu aliyeweza kujenga hoja hivyo, na mwenye Kiswahili cha kumtafsiri Shakespeare. Anaeleza misingi ya familia ya zamani, kuheshimiana, kumiliki mali pamoja, kila mtu kufanya kazi. Hafichi kasoro; anakiri kwamba wanawake walibebeshwa kazi kupita sehemu yao. Na anasisitiza kwamba kijiji cha ujamaa hakianzishwi kwa nguvu, watu washawishike kwanza, waone faida kwa macho yao. Nikiisoma leo bado naitikia kwa kichwa. Novemba 1973 mwandishi huyohuyo, akiwa Rais, alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri na kazi hiyo iwe imekwisha ifikapo mwisho wa 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa.

Hatuwezi kusema insha ni ya uongo. Kila sentensi yake aliiamini. Lakini insha ni mahali pa kukubaliana. Inakuchukua mkono hatua kwa hatua, na ukifika mwisho umekubali mambo ambayo mwili wako haujaulizwa. Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliuuliza mwili. Riwaya yake ya mwaka 1979 ina vijana wawili waliosoma, Mambosasa na Mamboleo, na ina wanakijiji wanaoambiwa waache nyumba zao. Kuna wanaokataa, kuna nguvu inayotumika, na kuna kicheko kikali kwa wasomi wanaoifahamu nadharia ya kijiji na hawajui kijiji. Kezilahabi hagombani sana na nia ya Mwalimu. Anauliza nani atabeba kitanda. Cha ajabu ni kwamba kitabu chake kilichopigwa marufuku shuleni ni Rosa Mistika, kwa sababu ya mambo ya wasichana na wanaume. Hiki cha watu kuhamishwa kilichapwa na kikasomwa.

Shangazi yangu alihamishwa mwaka 1974, Handeni. Kwa miaka mingi nimemwuliza habari za wakati ule, na jibu lake ni lilelile: tulihamishwa, basi. Kisha huuliza kama nimekula. Nilipojaribu kumsomea insha ya Mwalimu alisikiliza kwa adabu zote, akasema Mwalimu alikuwa mtu mzuri, Mungu amrehemu. Mazungumzo yakaishia hapo. Baada ya muda nilimsomea kurasa za Kezilahabi. Nilikuwa sijafika mbali aliponikata.

“Huyo aliyeandika hakuwapo kwetu, mwanangu. Kwetu walikuja asubuhi na lori, na mahindi yalikuwa bado shambani.”

Akaendelea. Alieleza walivyoezua paa wenyewe ili wasikose miti ya kujengea huko waendako. Alieleza mama mmoja jirani aliyekuwa na kichanga cha siku chache, na mzee aliyekataa kupanda lori mpaka apewe nafasi ya kuaga kaburi la mkewe. Alibishana na Kezilahabi karibu kila ukurasa: wanawake hawakupiga kelele hivyo, wanamgambo wa kwao walikuwa vijana wa hapohapo na waliona haya, na huko walikopelekwa, alisema, maji yalikuwa karibu kuliko zamani, hilo lazima lisemwe. Hilo la maji lilinishangaza, kwa sababu riwaya ilikuwa imeniandaa kusikia hasara tupu. Nikachukua daftari. Alipoona naandika hakunyamaza, alipunguza mwendo tu ili nisikose neno.

Nimelifikiria sana jambo hili. Insha ilikuwa na haki zaidi ya kumfanya aseme, maana ilimhusu yeye kwa kweli. Vijiji vilikuwa vya kweli, lori lilikuwa la kweli. Lakini insha ilikuja na jina la mtu mkubwa, na mbele ya mtu mkubwa shangazi yangu amelelewa kunyamaza. Riwaya ilikuja bila cheo. Ni maneno ya mtu aliyebuni, na mtu aliyebuni anaweza kukosolewa na yeyote, hata na mwanamke asiyewahi kumaliza darasa la nne. Yule mhasibu anasema riwaya ni uongo kana kwamba huko ndiko kuimaliza. Kwa shangazi yangu uongo huo ulikuwa ruhusa. Aliposikia mtu amekosea habari zake, hakuweza tena kuacha ziende hivyo.

Ndiyo maana siku hizi siogopi riwaya iliyokosea. Kuli imenyooshwa mno, lakini msomee mzee aliyefanya kazi gatini uone atakavyoipinda. Naiogopa zaidi tawasifu laini ya mkubwa, ambayo kila aliyeisoma ameitikia kwa kichwa, na insha nzuri isiyo na mlango wa kubishana. Vitabu hivyo tuvisome, tena kwa bidii, na wachapishaji wetu wangetusaidia sana kama wangeturudishia Maisha ya Tippu Tip katika chapa inayosomeka, badala ya sisi kudurufiana karatasi zilizofifia. Ila tusivisome peke yake.

Waliokuwa na miaka 20 wakati wa uhamishaji wa 1974 wamekwisha vuka 70. Kama nyumbani kwako yupo mmoja wao, usimwulize maswali ya historia. Msomee kurasa chache za Gamba la Nyoka, akianza kukosoa umwache akosoe, na uwe na daftari karibu.